Sambusa ya Mama Mwenyekiti

Ukitaka kujua Wakatoliki wa mtaa wetu wa Umoja, Nairobi, wanaamini nini hasa, usiwasikilize Jumapili wakikiri Nasadiki. Wakute Ijumaa ya Kwaresima, saa mbili usiku, mmoja wao akiwa na nyama mdomoni na wengine wote wakimtazama.

Jumuiya yetu, yaani majirani Wakatoliki tunaosali pamoja nyumba kwa nyumba, Kwaresima ya mwaka huu wa 2026 ilikuwa inakutana Ijumaa, baada ya Njia ya Msalaba parokiani. Tukishamaliza kituo cha kumi na nne tunaandamana hadi kwa mwenye zamu, tunapanda ngazi za ghorofa kwa tochi za simu (taa za ngazini kwetu ni za kusimuliwa), tunavua viatu mlangoni na kubanana kwenye makochi. Kijitabu cha Kampeni ya Kwaresima, kile kinachotolewa na Tume ya Haki na Amani ya maaskofu wetu, kinafunguliwa kwenye picha ya wiki. Kisa kinasomwa, kisha tunapitia zile hatua tatu: ona, amua, tenda. Mimi ni katibu, kwa hivyo naandika. Kwenye kuona tuna maneno mengi. Kwenye kuamua tuna mengi zaidi. Tukifika kwenye kutenda, mtu anauliza kama chai imechemka.

Siku ya kesi hii mwenye nyumba alikuwa amemtuma kijana mmoja wa jumuiya aende soko la Mutindwa akanunue sambusa za ndengu. Alisema za ndengu, mimi nilimsikia, na kijana anaapa kwamba naye alisema za ndengu kule alikonunua. Zilikuja zimefungwa kwa gazeti lililolowa mafuta, bado moto. Zikapangwa kwenye sinia. Mama Mwenyekiti akapewa wa kwanza, kama desturi.

Huyu mama ana miaka sabini na ushei na Kwaresima yake haina mzaha. Sukari anaiaga Jumatano ya Majivu na kuonana nayo tena Pasaka. Redio inabaki kwa habari tu. Ijumaa anakula mlo mmoja, ingawa sheria ya kufunga ilishamwachilia zamani, na hata mlo huo mmoja mara nyingi ni githeri isiyo na kitu zaidi ya chumvi. Siku hiyo alikuwa bado hajala. Sambusa na chai ya rangi ndivyo vilikuwa mlo wake.

Akauma kona. Akatafuna mara mbili, ya tatu taya likasimama. Akaiinua ile sambusa kwenye mwanga wa taa na kuchungulia ndani, na sisi tuliokuwa karibu tukachungulia naye: nyama ya kusaga iliyokaangwa ikakauka vizuri, vipande vya kitunguu, majani ya dania, mafuta yanang'aa kwenye ukingo wa unga. Ndengu hata ya dawa haikuwemo.

"Ni nyama," akasema, kwa shida, maana hakutaka kumeza wala hakutaka kutema mbele ya watu.

Basi jumuiya ikawa baraza. "Meza tu, shosho, Mungu anajua," akasema yule kijana, ambaye kwa hakika alikuwa na sababu zake za kutaka jambo liishe upesi. Mweka hazina akaruka: "Usimeze! Tema, Mama, tema kwa tishu!" Mwenye nyumba akawa anaomba radhi mfululizo, mkono kifuani. Mama mwingine akasema kutema chakula ni kukikufuru, watu wanalala njaa Mukuru. Mwingine akasema kama ameshaonja utamu basi ameshakula, kutema hakuondoi kitu. Na katikati ya hayo yote, kwenye kona ya kochi, katekista wetu alikuwa ameketi kimya, vidole vinang'aa, sahani yake tupu. Alikuwa ameshamaliza mbili. Nilipomtazama akanijibu kabla sijauliza: "Mimi nilidhani ndengu zimepikwa vizuri."

Mama Mwenyekiti akainuka, akaenda jikoni, tukasikia maji ya bomba yakitiririka kwa muda mrefu. Aliporudi alikaa, akakataa chai, akafunga mkutano kwa Salamu Maria, akachukua leso yake na kwenda. Hakumlaumu mtu. Ingekuwa heri angelaumu.

Jumapili, misa ya pili, watu walipopanga mstari wa komunyo, yeye alibaki kwenye benchi. Kama hujakaa kanisa la Eastlands huwezi kujua uzito wa mwenyekiti wa jumuiya kubaki kwenye benchi. Watu wanapita mbele ya magoti yake, "samahani Mama, samahani Mama", na kila anayepita anajiuliza. Kufikia Jumatatu asubuhi kikundi chetu cha WhatsApp kilikuwa kimegawanyika makundi mawili na la tatu la wachekeshaji.

Sasa, sheria yenyewe si ndefu, na kwa kuwa ni mimi niliyetumwa kuisoma, ngoja niiseme. Sheria za Kanisa za 1983, kuanzia kanuni ya 1249 hadi 1253. Ijumaa zote za mwaka ni siku za kutokula nyama, au chakula kingine kadiri baraza la maaskofu litakavyopanga, isipokuwa Ijumaa hiyo iangukie sherehe kubwa. Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu zina vyote viwili, kufunga na kuacha nyama. Kuacha nyama kunamhusu aliyetimiza miaka 14, na hakuna umri wa kustaafu. Kufunga ndiko kuna mipaka miwili: kunaanza mtu akiwa mtu mzima kisheria, yaani miaka 18, na kunakoma anapouanza mwaka wake wa sitini. Na kufunga kwenyewe ni mlo mmoja kamili, na kitu kidogo asubuhi na jioni. Watu wengi mtaani huchanganya haya mawili, ndiyo maana unamkuta mtoto wa darasa la tatu amenyimwa uji Ijumaa na baba yake mwenye nguvu zake anakula mara tatu kwa sababu "ni samaki tu".

Halafu kuna maswali ya pembeni, ambayo ndiyo hasa yanayoleta raha. Kuku je? Kuku ni nyama. Najua kwenye menyu ya hoteli amewekwa mstari wake, lakini Kanisa halijawahi kumtoa. Matumbo je? Nyama. Mutura? Tafadhali. Smokie, kwa hoja kwamba hakuna anayejua mna nini ndani? Mna nyama ya kutosha kukuharibia Ijumaa. Mayai na maziwa hayana neno. Na Royco, kile kiungo cha unga cha mchuzi, hilo ndilo swali linalorudi kila mwaka bila kuchoka. Sheria ya zamani, ile ya 1917, ilikataza nyama na supu ya nyama. Papa Paulo wa Sita alipoandika upya masharti ya kitubio mwaka 1966, alikataza nyama, akasema wazi kwamba mayai, vitu vya maziwa na viungo hata vilivyotengenezwa kwa mafuta ya mnyama havimo katika katazo. Kwa hiyo sukuma yako iliyotiwa Royco ile kwa amani. Kama unataka kuiacha kwa mapenzi yako ni sawa pia, ila usimhukumu jirani kwa harufu inayotoka dirishani kwake.

Kuhusu aliyekula bila kujua, hakuna hata ubishi. Katekisimu inataka mambo matatu yawepo pamoja ndipo dhambi iwe ya mauti: jambo lenyewe liwe zito, mtu awe anajua kikamilifu, na akubali kwa hiari yake. Mtu aliyeuma sambusa akiamini ni ndengu hakujua, na asiyejua hakuwa na la kukubali. Padre, tulipomfikishia habari, alicheka kidogo kisha akaacha kucheka tulipomwambia habari ya benchi. "Mwambieni aje apokee," akasema. "Hata kuungama si lazima. Akitaka kuja aje, nitamsikiliza, lakini si kwa sababu ya sambusa."

Nilidhani kazi imekwisha. Nikaenda kwake Jumanne jioni na jibu la padre kama mtu anayepeleka risiti.

Nilimkuta kwenye roshani akichagua maharagwe kwenye ungo, miwani imeshuka hadi ncha ya pua. Akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Nimekuelewa, Katibu. Lakini kilichoingia kimeingia."

Nikamweleza tena, kanuni kwa kanuni. Akaendelea kutoa mawe. Ndipo akanisimulia habari ya mama yake, na mimi nikaelewa kwamba muda wote huo tulikuwa tunazungumzia sheria mbili tofauti.

Mama yake alibatizwa na wamisionari Wakonsolata huko Nyeri. Wakati huo, kabla ya 1953, mtu anayetaka komunyo hakutia chochote kinywani kuanzia saa sita ya usiku. Chochote. Maji pia. Usiku mmoja wa kuamkia Jumapili mtoto alikuwa na homa. Mama akaamka, akawasha moto, akamkanda mtoto, na mwenyewe akiwa hajafikiri akachota maji kwenye mtungi akanywa. Nyumba haikuwa na saa. Hakujua kama saa sita imepita au bado. Alfajiri akatembea hadi misheni, akasali misa yote, na wengine walipokwenda mbele yeye akabaki amepiga magoti. Wanawake wenzake wakatazamana. Alipotoka nje mama mkwe wake hakumsemesha njia nzima, kwa kuwa mama mkwe alikuwa na maelezo yake mwenyewe kuhusu mwanamke kijana asiyekomunika.

Hakuwa ametenda dhambi, na mapadre wa wakati ule wangemwambia hivyo hivyo. Lakini sheria ile haikuuliza ulikusudia nini. Iliuliza kama maji yameshuka kooni au hayakushuka. Kama yameshuka, hata kwa kusahau, hata kwa usingizi, leo hukomuniki, njoo kesho. Mwaka 1953 Papa Pio wa Kumi na Mbili akasema maji matupu hayavunji tena mfungo huo. Mwaka 1957 akaufupisha ukawa muda wa saa tatu kwa chakula. Mwaka 1964 Paulo wa Sita akaufanya saa moja kabla ya komunyo, na ndivyo ulivyo hadi leo, na wazee, wagonjwa na wanaowauguza wamesamehewa hata hiyo saa moja. Kwa hiyo yule mama wa Nyeri, kwa sheria ya sasa, asingekosa komunyo kwa lolote: ni maji, ni usiku wa manane, na alikuwa anauguza.

Lakini binti yake alilelewa na kile kisa. Alikisikia mara nyingi utotoni, si kama kisa cha huzuni bali kama mfano wa uaminifu: mama yenu ndivyo alivyoiheshimu komunyo. Sheria ilipobadilika, kisa hakikubadilika nayo. Akaja nacho Nairobi, akaolewa nacho, akafundisha watoto nacho. Na siku sambusa ilipomdanganya alifanya kile alichojua: kilichoingia kimeingia, Jumapili nakaa benchini.

Nilirudi nyumbani nikiwa sina hamu tena ya kumshinda kwa kanuni.

Kesho yake nikapita dukani kwa jirani yangu Msomali, pale chini ya ghorofa yetu, nikamsimulia bila kutaja nani. Ramadhani na Kwaresima mwaka huu zilianza wiki moja, Jumatano ya Majivu ikiwa 18 Februari, kwa hivyo kwa majuma kadhaa mimi na yeye tulikuwa tunaulizana hali ya tumbo kila asubuhi. Yeye alilichukua swali kwa uzito kuliko jumuiya nzima. Akaweka kikokotoo pembeni.

Kwao, akasema, aliyesahau kwamba amefunga akala au akanywa, anaendelea na funga yake kama hakuna lililotokea. Ni hadithi ya Mtume, imo kwenye vitabu vya Bukhari na Muslim: atimize saumu yake, kwani Allah ndiye aliyemlisha na kumnywesha. Akatabasamu alipoisema, kwa sababu Ramadhani hii hii siku za mwanzo yeye mwenyewe alikuwa amefungua chupa ya maji mchana, akainywa nusu akihesabu chenji ya mteja, na mteja ndiye aliyemkumbusha. Akafunga kifuniko, akaendelea na siku yake.

"Lakini mpwa wangu yake ni nyingine," akasema. Mpwa alikuwa amekuja kutoka Mombasa. Simu yake ina programu ya adhana, na simu hiyo ilikuwa bado inaamini iko Mombasa. Mombasa iko mashariki ya Nairobi, jua linazama kule mapema kuliko huku kwa kama dakika kumi na moja. Adhana ikalia mfukoni, kijana akasema bismillahi, akala tende yake, akanywa maji, na mara adhana ya msikiti wa mtaa ikaanza akiwa ameshafika kwenye sambusa. (Sambusa tena. Jiji hili.) Hakusahau kwamba amefunga. Alikosea wakati. Kwa mafundisho ya Kishafi ambayo wao hufuata, siku hiyo ataifidia baada ya Ramadhani. Hana dhambi, ila siku anadaiwa.

"Sasa huyo mama yenu," akaendelea, akikuna ndevu, "hakusahau siku. Wala hakukosea saa. Alikosea chakula." Akafikiri. Akamhudumia mtoto aliyekuja kununua mkate, akafikiri tena. "Hiyo, jirani, muulize padre wako."

Nilimwambia nimeshamuuliza.

"Basi mbona unaniuliza mimi?"

Hapo sikuwa na jibu. Labda kwa sababu kwao mambo haya mawili yana mafungu yanayojulikana hata na mwenye duka, kusahau fungu hili, kukosea fungu lile, na mtu hakai wiki nzima akijipiga kifua bila kujua anadaiwa nini. Sisi tunazo kanuni zilizo wazi vilevile, ila zimekaa kwenye vitabu ambavyo hata katibu hana hadi atumwe, na huku nje watu wanaendeshwa na visa vya bibi zao.

Wa tatu kwenye hesabu hii ni mwanamke Muethiopia anayeuza vitambaa jengo ninalofanyia kazi, mjini, Barabara ya Kirinyaga. Yeye ni wa Kanisa la Kiorthodoksi la kwao, na mfungo wao mkuu ni siku 55: mwaka huu walianza 16 Februari kwa kuwa Pasaka yao ilikuwa 12 Aprili, wiki moja baada ya yetu. Na wao hawaachi nyama pekee. Nyama, mayai, maziwa, siagi, vyote vinawekwa kando, na si Ijumaa tu. Mwaka wa kwanza aliofika Nairobi aliingia kwenye kibanda chetu cha chai na kuagiza chai. Kwa mtu wa Addis Ababa, chai ni majani, maji na viungo. Kwa kijana wa kibanda cha Kirinyaga, chai ni maziwa yaliyoonyeshwa majani kidogo. Ukitaka isiyo na maziwa sema chai ya rangi, au strungi. Akaletewa kikombe kimejaa hadi ukingoni. Akanywa funda moja.

Alichofanya nakikumbuka kwa sababu hakikuwa na kelele hata kidogo. Alikiweka kikombe mezani, akakisukuma upande wangu, akasema, "Kunywa wewe." Nikanywa, ilikuwa Jumanne na mimi maziwa hayanihusu. Kisha akamwita kijana akamuuliza jina la ile isiyo na maziwa, akalirudia hadi akalipata. Nilipomuuliza kama amevunja mfungo alisema atamwambia baba yake wa nafsi, padre anayewaangalia yeye na jamaa zake, na huyo atajua la kumwambia. Yeye kazi yake ilikuwa imeisha pale kwenye kikombe. Tangu hapo anaagiza strungi kwa lafudhi ya Gikomba.

Huyo ndiye niliyemsimulia Mama Mwenyekiti niliporudi kwake. Sikumsimulia hadithi za kanuni tena. Akacheka sana pale pa "maziwa yaliyoonyeshwa majani". Kisha akauliza, "Na huyo padre wake alimwambiaje?" Nikasema sikuuliza. Akanitazama kama mtu aliyeachiwa kisa nusu.

Jumamosi alikwenda mwenyewe kwa padre. Walizungumza nini ni lao. Jumapili alipanga mstari, na katekista, ambaye wiki iliyotangulia alikwenda komunyo na sambusa zake mbili bila wasiwasi, akampisha apite mbele.

Nikiwa bado na kalamu, niseme linalonikera, kwa kuwa ukurasa ni wangu. Kwenye jumuiya yetu tulitumia Ijumaa nzima, Jumapili na siku kadhaa za simu kujadili kipande cha nyama ambacho hata hakikumezwa. Ijumaa hizo hizo, saa saba mchana, ninapita mjini na kuona Wakatoliki wenzangu ninaowafahamu kwa sura, wengine wana alama ya kanzu za kwaya mabegani, wameketi mbele ya tilapia mzima wa kukaangwa, mkia unaning'inia nje ya sahani, ugali wa watu wawili, kachumbari, soda baridi. Hakuna kanuni iliyovunjwa. Samaki anaruhusiwa, na bei yake haina kikomo kisheria. Lakini mtu huyo amelipa zaidi ya ambavyo angelipa kwa nyama ya ng'ombe ya kukaanga, na jioni bahasha ya Kampeni ya Kwaresima ikipita mbele yake anaipitisha kwa jirani akiwa amenyoosha mkono kwa adabu. Kile kijitabu kinatuomba kile tulichokiacha kiende kwa mwingine. Mimi naandika michango, naijua mikono. Bahasha nene jumuiyani kwetu inatoka kwa mama wa githeri yenye chumvi tu.

Hakuna aliyewahi kumpigia padre simu kuuliza kama tilapia ule ni dhambi. Hilo ndilo linaloniudhi, kwamba kosa la bahati mbaya lina wanasheria wengi na karamu ya makusudi haina hata shahidi.

Basi. Kijana wa sambusa alisamehewa, ingawa sasa akitumwa popote anasindikizwa. Mwenye nyumba alitaka kurudia zamu yake kwa aibu, tukamkatalia. Mweka hazina amependekeza kwamba Ijumaa za Kwaresima chai iwe na mkate mtupu, hoja imepita kwa kauli moja, na nina hakika itavunjwa.

Ila nilipokuwa ndani ya zile kanuni niliona kitu, na kwenye mkutano wa mwisho kabla ya Pasaka nikakileta. Mwaka ujao, 2027, tarehe 19 Machi ni Ijumaa, na ndiyo sherehe ya Mtakatifu Yosefu. Kwa kanuni ya 1251, Ijumaa hiyo nyama inaruhusiwa, katikati ya Kwaresima, kwa halali kabisa. Ilitokea pia 2021. Nilisoma kanuni kwa sauti ili pasiwe na mtu wa kusema katibu ametunga.

Mweka hazina akauliza mara mbili kama ni kweli, kisha akaanza kupiga hesabu ya mbuzi. Kijana akajitolea kwenda kumnunua, akanyamazishwa. Katekista akasema zamu ya siku hiyo aichukue yeye, na choma itachomwa juu ya ghorofa lao, maana landilodi wao haishi karibu. Mama Mwenyekiti akasema yeye hatakula, ila atakuja, na ugali wake ataupika mwenyewe nyumbani aje nao, na mtu asimwekee kitu kwenye sahani bila kumwonyesha kwanza. Nimeandika yote kwenye daftari, na jina la aliyeunga mkono. Michango ya mbuzi inaanza Mei.